Sahihi ya Golikipa wa Akiba

Habari kwamba Komeo ametiwa hatiani ilimfikia Fundi akiwa anapiga pindo la gauni la mke wa Komeo mwenyewe. Ililetwa na mteja aliyekaa dukani akisubiri suruali ya mumewe itiwe zipu, simu mkononi. Alisoma kwa sauti. Golikipa namba moja wa klabu, yule ambaye mashabiki walimwita Komeo kwa sababu akisimama langoni mlango umefungwa, amepatikana na hatia ya kumpiga mkewe na kumvunja mkono. Miezi sita kifungo cha nje, na faini juu. Klabu imemsimamisha kucheza kwa muda, na uongozi utakaa Ijumaa ya wiki ijayo kuamua kama mkataba wake uvunjwe.

Fundi hakuondoa mguu kwenye pedeli. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa mkono. Lilikuwa lango. Lango liko wazi, aliwaza, na wa kusimama pale ni mume wangu. Aliona haya kidogo, kisha haya ikapita, na pindo likaisha likiwa limenyooka vizuri.

Mumewe alikuwa golikipa wa pili wa klabu hiyohiyo. Kwa miaka sita alivaa jezi, akapasha misuli pamoja na wenzake, halafu akakaa benchi dakika tisini taulo likiwa shingoni. Mashabiki walimbandika jina la Akiba, nalo likamganda mpaka majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Shuleni binti yao aliulizwa baba yake anacheza namba gani, akajibu kwamba anacheza benchi. Mtoto alidhani hiyo nayo ni namba. Akiba alipohadithiwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ukweli ni kwamba mke wa Komeo alikuwa amemkaa Fundi kooni siku nyingi. Uwanjani wake za wachezaji walikaa jukwaa lenye paa. Hakuna aliyeandika sheria, lakini wa kikosi cha kwanza walikaa mbele kwenye viti vyenye mito, na wa akiba walikaa nyuma, kwenye nguzo, ambako ukitaka kuona goli la kushoto inabidi ujipinde. Fundi alijua kisogo cha mwanamke yule kuliko alivyojua sura za shangazi zake. Dukani alikuja kwa gari, akaacha kitambaa kinachoteleza mkononi kama maji, akaondoka bila kuuliza bei. Siku moja Fundi alilivaa gauni la mteja huyo lililokwisha kukamilika, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akalivua upesi kama mwizi aliyesikia hatua mlangoni.

Mwaka uliopita mke wa Komeo alianza kuagiza mikono mirefu na kola za kupanda shingoni. Fundi alidhani ndiyo mitindo iliyoingia. Akajishonea na yeye mbili.

*

Wiki ile duka liligeuka baraza. Kila aliyeleta nguo alileta na hukumu yake. Mzee mmoja, fundi saa wa duka la pili, alisema mahakama imeshamaliza, klabu inataka kuhukumu mara ya pili kwa kipi; mtu akiisha kulipa amelipa. Mwalimu aliyekuja kupunguza sketi alimwuliza kama yeye mwalimu angemvunja mtu mkono, shule ingemwachia darasa. Fundi saa akasema mwalimu analea watoto, golikipa anadaka mpira. Mwalimu akamjibu kwamba chumba cha wanawe kimejaa picha za golikipa ukuta mzima, na picha yake yeye hawajabandika hata moja, kwa hiyo anayelea ni nani.

Fundi alisikiliza, pini zikiwa mdomoni. Alipotoa pini alisema tu kwamba sheria iwe sheria. Walitikisa vichwa, kisha wakatazamana, na akajua wametazamana kwa nini.

Jumapili Akiba akadaka. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi tangu binti yao aanze shule. Fundi alifika mapema, akasimama nyuma ya kile kiti cha mbele, chenye mto mwekundu. Kilikuwa kitupu. Mke wa nahodha alikuwa pembeni yake, akisogeza mkoba wake taratibu, wala hakusema kaa wala usikae. Fundi akakaa. Kutoka pale uwanja ulikuwa kitu kingine kabisa. Ungeweza kusikia mabeki wakiitana, na nyasi zilikuwa na harufu. Akiba aliokoa mpira wa kichwa dakika ya sabini kwa ncha za vidole, wakashinda bao moja kwa bila, na watu wakaliimba jina la Akiba bila kebehi. Aliporudi nyumbani alitembea kama mtu aliyepimwa upya akakutwa ameongezeka urefu. Fundi alilala usiku huo akihesabu mechi zilizobaki.

*

Asubuhi iliyofuata nahodha alibisha hodi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa barua kwa uongozi. Ilisema kwamba wachezaji wote, kwa sauti moja, wanaomba mwenzao asivunjiwe mkataba. Sahihi zilikuwa ishirini na mbili, na chini kabisa paliachwa nafasi.

Akiba aliisoma, akaisoma tena. Nahodha akasema hana haja ya kueleza mengi. Kosa la nyumbani lina mahakama yake, na kazi ina mambo yake.

Fundi alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliuliza kwa upole kama nahodha anamkumbuka mlinzi wa geti la uwanja, yule aliyefungwa wiki moja kwa kupigana na jirani yake.

"Alifukuzwa kabla hajatoka," alisema. "Barua yake aliandika nani?"

"Mlinzi hadaki penalti, shemeji," nahodha akajibu, na wala hakuwa anafanya mzaha.

Akiba aliomba muda wa kufikiri. Nahodha aliinuka, akasema atampa mpaka Alhamisi, ingawa kila mtu katika kikosi anajua anachofikiri. Aliiacha karatasi mezani.

Alipoondoka walisimama kuizunguka kama inaweza kuuma. Akiba alisema atasaini. Hakumpenda Komeo, na kile alichofanya kilimtia kichefuchefu, lakini yeye peke yake ndiye anayefaidika mwenzake akianguka. Asiposaini itaonekana anamvua mtu viatu akiwa bado yuko chini. Fundi alimwambia wacha ionekane. Alimwambia akisaini pale, anasaini benchi. Miaka sita amekuwa mtu mwema, na wema wenyewe umempeleka kwenye nguzo. Alisema mengi, na mengine hakukusudia kuyasema, kama vile kwamba amechoka kumshonea mwanamke yule maisha ambayo yeye Fundi hatayavaa.

Akiba alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwake akakuta nguo asizozijua. Hakusaini siku ile, wala hakusema hatasaini.

*

Jumanne mchana mke wa Komeo alikuja kujaribu gauni. Alikuja kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umetolewa plasta, mwembamba kuliko mwenzake, na aliubeba kama kitu alichoazimwa. Hapakuwa na mteja mwingine. Fundi alivuta pazia, akamsaidia kuvua blauzi, kwa sababu peke yake asingeweza.

Gauni lilikuwa limemzidi kiunoni kwa vidole vinne. Fundi alipiga magoti kuweka pini. Mgeni ndiye aliyeanza.

"Nimetumwa," alisema. "Mume wangu na mama yake wamenituma nimwombe mumeo asaini. Na nyumba nyingine mbili, za viongozi. Hii ndiyo ya kwanza."

Fundi aliuliza mbona waliotuma hawakuja wenyewe.

"Nikiomba mimi, nani atasema hapana? Mimi ndiye niliyepigwa."

Fundi aliendelea kuweka pini. Ndani yake kile kijicho cha siku zote kiliinua kichwa, kikamwambia kwamba hata sasa, hata na mkono ule, mwanamke huyu amekuja kuomba arudishiwe kiti chake. Akauliza, kwa sauti kavu kuliko alivyotaka, kama anataka mumewe abaki klabuni.

Mke wa Komeo alifikiri, akitazama kioo na si Fundi. Alisema mumewe akifukuzwa atashinda nyumbani kutwa, na kila asubuhi atamtazama yeye kama mtu aliyemponza. Akibaki, Jumapili watu elfu ishirini watamshangilia, na atarudi nyumbani akijua kwamba mkono aliouvunja haukuwa na uzito wowote.

"Nichagulie wewe," alisema.

Fundi alisimama kurekebisha bega, na hapo macho yao yakakutana kwenye kioo. Bila kupanga, akasema kwamba mwaka jana, siku ya vipimo, aliiona ile alama ya njano juu ya kiwiko.

"Najua uliiona. Nilikuwa nakutazama humu humu kwenye kioo. Ukaniuliza, nikasema nimejigonga na mlango wa gari. Nikangoja uniulize mara ya pili."

Fundi alikumbuka vizuri kabisa alichowaza siku ile. Aliwaza: hata kujigonga, huyu anajigonga na gari. Hakuweza kulisema hilo kwa mtu yeyote, na kwa huyu ndiyo kabisa. Alichofanya ni kushika sindano na uzi, akaanza kushikiza kola iliyokuwa tayari imeshikizwa.

"Nimwambie nini mume wangu?" aliuliza mwishowe.

"Nilichotumwa nimeshakwambia. Kazi yangu nimemaliza." Mke wa Komeo alianza kuvaa blauzi yake kwa mkono mmoja. Alipofika kifungo cha juu alisimama. "Mimi kama mimi, ningesema asisaini. Lakini kama mimi sijaulizwa na mtu."

Alitoka. Fundi alibaki na gauni mapajani, na kwa muda hakujua ndani na nje yake.

*

Alimwambia Akiba jioni ile ile, mtoto akiwa anafanya kazi za shule mezani. Alimwambia yote isipokuwa lile la gari. Akasema usisaini, kwa ajili ya yule mwanamke.

Akiba alikata kucha zake pole pole mpaka mwisho ndipo akajibu. Alisema jana aliambiwa asisaini kwa sababu ya namba, na leo anaambiwa asisaini kwa sababu ya mkono.

"Nikuamini wewe yupi?" aliuliza. "Wa jana au wa leo?"

Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana ilimuuma. Fundi aliapa. Akiba akasema anasadiki kwamba ni kweli, lakini kweli yenyewe imekuja imevaa nguo za jana, na akiingia nayo kambini hakuna atakayeitambua.

Jumatano Fundi alikata suruali tatu na kuharibu moja. Alijua la kufanya tangu alfajiri, akawa analizunguka kama mtu anayezunguka jipu. Aliliona lile jukwaa. Alisikia tena jina la Akiba likiimbwa. Akajiambia kwamba miaka sita si mchezo, kwamba mke wa Komeo hatajua, kwamba viongozi watafanya wanalotaka kwa vyovyote. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomwondolea ile sauti: nikangoja uniulize mara ya pili.

Jioni alimwita mumewe uani.

"Usisaini," alisema. "Na ukiwarudishia barua, mwambie kocha mbele yao watafute golikipa mwingine wa kuchukua nafasi. Wewe urudi benchi."

Akiba aliuliza kama anajua anachokisema.

"Najua. Kutwa nzima kilikataa kutoka."

Akiba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Golikipa wa umri huo akikataa nafasi, nafasi haimfuati. Alisema Jumapili aliipenda mno. Alisema hivyo mara moja tu, akitazama viganja vyake. Halafu akauliza chakula kiko tayari.

*

Alhamisi aliirudisha barua kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alieleza kwa maneno machache: hawezi kuomba kwamba kilichotendeka kisihesabiwe, na ili mtu asiseme anakitaka kiti, kiti chenyewe hakitaki, watafute mwingine. Kocha alimtazama kana kwamba amesikia habari za msiba. Mmoja alicheka. Nahodha akafuta maneno "wote, kwa sauti moja" kwa kalamu, akaandika "wengi wetu", na kijana beki wa kulia, ambaye hakuna aliyemtegemea, akaomba jina lake nalo likatwe.

Ijumaa uongozi ulikaa. Mkataba wa Komeo ukavunjwa. Taarifa ilisema klabu inathamini utu na familia, lakini mhasibu wa klabu, ambaye nguo zake hushonwa kwa Fundi, alisema kikao kilichukua robo saa tu, kwa sababu mdhamini, kampuni ya sabuni, alishapiga simu asubuhi. Sabuni hununuliwa na wanawake. Barua ya wachezaji haikusomwa. Kuhusu golikipa, walichukua neno la Akiba kama lilivyo, wakamleta kijana wa miaka ishirini na moja kutoka klabu nyingine, mrefu na mwepesi kama paka.

Mke wa Komeo hakusubiri kuonekana amemponza mtu. Wiki ile ile alihamia kwa dada yake na kufungua kesi ya talaka. Gauni alilichukua dada mtu, akalipa, akaleta salamu fupi.

Klabu ilipopoteza mechi mbili mfululizo, mashabiki walimtafuta wa kumlaumu wakampata Akiba. Walisema ni yeye aliyemchoma Komeo, kwa wivu. Na kwamba alikataa nafasi kwa sababu alijua hana uwezo. Mambo mawili hayo hayakupatana, lakini watu waliyasema kwa pumzi moja. Dukani fundi saa aliacha kuleta nguo zake. Na Fundi, akirudi kwenye kiti chake cha nguzo, aliona mke wa golikipa mpya, binti mdogo wa kucheka cheka, amekalia ule mto mwekundu, na donge likamkaa kifuani palepale lilipokuwa likikaa zamani. Alikuwa amedhani limekwisha. Kijana alipofungwa bao la kizembe, Fundi alisikia furaha ikimpanda kabla hajaikataza. Siku hiyo Akiba alimwuliza kama anajuta.

"Kila Jumapili," alisema. Akafikiri kidogo. "Siku nyingine sijuti."

*

Ligi haijafika katikati, Komeo alipata timu. Ilikuwa timu tajiri zaidi, na bosi wake aliwaambia waandishi kwamba kila mtu anastahili nafasi ya pili. Mwezi wa nne walikuja kucheza kwenye uwanja uleule. Komeo alipotoka kupasha misuli, nusu ya jukwaa ilimzomea na nusu ikasimama kumpigia makofi. Akiba, kwenye benchi, hakufanya lolote kati ya hayo.

Wake za wageni walipewa safu ya pembeni. Fundi aliwatazama, kama afanyavyo siku zote, kuanzia viatu kwenda juu. Mmoja alikuwa amevaa ndara za ngozi laini na gauni la rangi ya zabibu lililokatwa na mtu anayejua kazi. Mke wa nahodha, akipita kwenda kiti chake cha mbele, alinong'ona kwamba huyo ndiye mpya wa Komeo, na jinsi alivyo na bahati, hajamaliza hata miezi mitatu na ameshanunuliwa gari. Fundi alitazama gauni lile. Alilitamani, roho yake haikuwa imebadilika kiasi hicho. Kisha akayaacha macho yapande kutoka kwenye mshono wa kiuno mpaka kwenye uso wa mwenye gauni, mahali ambapo kwa mwenzake aliyetangulia hakufika ila kwa kuchelewa. Ulikuwa uso wa msichana anayemtafuta mtu wake uwanjani na anayeogopa itakuwaje asipopunga mkono kwa wakati.

Aliinuka, akapita magoti ya watu, akaomba radhi hapa na pale, akakaa kwenye ngazi kando ya yule msichana. Alisema yeye ni fundi cherehani, duka liko nyuma ya uwanja. Akaandika namba yake kwenye kipande cha karatasi.

"Nina fundi wangu," msichana alisema, akitabasamu kwa adabu.

"Naona. Ni mzuri. Chukua tu, si lazima iwe ya nguo. Ukinipigia nitapokea, saa yoyote."

Msichana alimtazama, tabasamu likapungua kidogo, akataka kuuliza kitu. Uwanjani Komeo aliruka akauondoa mpira kwenye kona ya juu ya goli, na jukwaa zima, waliozomea na waliopiga makofi, likaguna kwa pamoja. Msichana aligeuka upesi na kupunga mkono. Kwa mkono wa pili alikunja kile kikaratasi, mara moja, mara mbili, akakiingiza ndani ya ndara, chini ya wayo.